Kabla Hujauliza Bei: Kuchagua Kompyuta za Kutunzia Taarifa za Wagonjwa, Somo Nililolipata Tukuyu

Mwaka jana nilipangiwa TP Rungwe, na kwa kuwa nyumbani ni Tukuyu sikuhangaika kutafuta chumba. Nililala kwa bibi. Bibi yangu ana presha, na kila mwezi anakwenda kliniki kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Mwezi wa Julai nilimsindikiza. Si unaijua baridi ya Tukuyu ya Julai? Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, watu wote benchini wamejifunika vitenge na makoti.

Bibi alimweleza daktari kwamba tangu aanze ile dawa ya enalapril anakohoa kikohozi kikavu, usiku halali. Daktari akamsikiliza vizuri, akamwambia kikohozi hicho kinajulikana, dawa za kundi hilo huwafanya baadhi ya watu wakohoe. Akaamua kumbadilishia, ampe amlodipine. Akawa anaandika kwenye kompyuta. Umeme ukakatika, skrini ikawa nyeusi. Daktari akachukua kipande cha karatasi, akaandika dawa mpya, tukaenda nacho dirisha la dawa, tukapewa, tukarudi nyumbani. Daftari la bibi halikuandikwa kitu kwa sababu hatukuwa nalo. Alikuwa ameambiwa siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta, madaftari basi.

Agosti bibi alikwenda peke yake, mimi nikiwa darasani. Akamkuta daktari mwingine. Kompyuta ikamwonyesha huyo daktari kwamba bibi anatumia enalapril. Naye akaendelea na enalapril. Kuna kosa lake hapo? Alisoma alichoandikiwa. Baada ya wiki moja kikohozi kikarudi, na mimi nikisoma pakiti ya dawa kwenye mwanga wa simu ndipo nikaelewa kilichotokea.

Tuliporudi kituoni tulipokelewa kwa heshima na dawa ikabadilishwa. Nikamuuliza kijana wa TEHAMA pale, "Kaka, kwani kompyuta ya daktari haina UPS?" Akanijibu, "Mwalimu, UPS tunayo moja tu, ipo kwa mhasibu." Yaani risiti zilikuwa na betri, kikohozi cha bibi hakikuwa nayo.

Hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo nimejiuliza, ni nani aliyekaa akachagua zile mashine, na alianza na swali gani?

Hili linatuhusu nini sisi walimu?

Najua kuna mwanachuo anasema, "Wewe unasoma ualimu, mambo ya hospitali yametoka wapi?" Nisikilize kidogo. Vituo vya afya vya umma vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za serikali inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hizo zina sauti katika mipango yake. Sasa kijijini, ikitokea hoja ya kompyuta, ataulizwa nani? Ataulizwa mwalimu. "Mwalimu, wewe umesoma haya mambo, tununue ipi?" Ukijibu kwa kutaja prosesa uliyoiona kwenye laptop ya rafiki yako bwenini, umeshapotea na umewapoteza wenzako.

Masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na TEHAMA. Mimi si mhandisi, na ninachoandika hapa ni somo la kuanzia. Ila hesabu zake ni za kidato cha pili, kila mmoja wetu anaziweza.

Hatua ya kwanza: mfuate mgonjwa

Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vimekuwa vikijaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu Na. 5 ni cha wagonjwa wa nje, Na. 6 cha wajawazito, na kadhalika. Vitabu vina matatizo yake, vinajaa, vinachanika, na kumtafuta mtu mmoja ndani yake ni kazi ya nusu siku. Lakini kitabu kina sifa moja kubwa: hakizimiki. Kompyuta itakayokuja kusaidiana na kitabu au kukirithi lazima ijibu hoja hiyo kwanza.

Upande wa programu, katika vituo vya afya na hospitali zilizo chini ya halmashauri, mfumo unaofahamika zaidi ni GoTHOMIS, unaosimamiwa na TAMISEMI. Hospitali za dini na za binafsi zina mifumo yao. Kanuni ni kwamba programu inatangulia, mashine inafuata. Waulize wenye mfumo unahitaji nini, unafanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti au la, na seva yake inakaa kituoni au mbali. Majibu hayo matatu yataamua mengi.

Halafu chukua karatasi, mfuate mgonjwa kwa miguu tangu getini. Anaanza usajili. Anakwenda malipo au bima. Anapimwa uzito, joto na presha. Anaingia kwa daktari. Anakwenda maabara, anarudi kwa daktari, anamalizia dirisha la dawa. Kila mahali anaposimama jiulize maswali matatu: Anayeandika hapa amekaa au amesimama? Anaandika maneno mengi au anachagua tu kwenye orodha? Mashine ikizima ghafla hapa, nani anaumia?

Swali la tatu ndilo lililokosekana pale kwa bibi. Ukilijibu kwa uaminifu utaona kwamba chumba cha daktari na dirisha la dawa vina haki ya betri sawasawa na dirisha la fedha.

Hatua ya pili: piga hesabu ya umeme

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na skrini yake, kwa makadirio, inakula wati 120. Kuna kompyuta ndogo, zile za saizi ya kitabu zinazofungwa hata nyuma ya skrini. Hiyo pamoja na skrini inaweza kula kama wati 35. Kompyuta mpakato nayo iko maeneo hayohayo, na ina betri yake ndani.

Sasa chukua UPS ndogo ya dukani, ile ya VA 650. Ndani yake mara nyingi kuna betri moja ya volti 12, Ah 7. Zidisha: 12 × 7 = 84. Hizo ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiondoa zinazopotea njiani na betri kuchoka haraka inapokamuliwa kwa nguvu, hesabu kwamba utapata kama 45. Gawanya kwa wati 120 za kompyuta ya mezani: ni takriban dakika 22, na hapo betri ni mpya. Gawanya kwa wati 35: ni takriban dakika 77. UPS ni ileile, bei ni ileile, tofauti ni mashine uliyoichomeka.

Tuseme kituo kina sehemu tano za kuandikia, kwa saa 8 kwa siku. Kompyuta za mezani: 5 × 120 × 8 = wati-saa 4,800, yaani uniti 4.8 za LUKU. Kompyuta ndogo: 5 × 35 × 8 = 1,400, yaani uniti 1.4. Kwa siku 26 za kazi, za kwanza zinakula karibu uniti 125 kwa mwezi, za pili kama 36. Fanya hivyo kwa miaka mitano halafu uniambie ipi ilikuwa ya bei rahisi.

Sasa weka umeme wa akiba. Mnataka kuvuka saa 4 bila umeme. Kompyuta za mezani zinahitaji 600 × 4 = wati-saa 2,400. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ni wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600 tu. Unahitaji betri nne. Kompyuta ndogo zinahitaji 175 × 4 = 700, kwa hiyo betri mbili zinatosha na chenji inabaki ya kuwasha ruta.

Ruta usiisahau! Jamani, nimeona ofisi ambapo kila kompyuta ina UPS na ruta haina. Umeme ukikatika mashine zote zinawaka vizuri kabisa na hakuna inayoweza kuongea na mwenzake. Ruta, swichi na seva ndiyo vya kwanza kupewa betri.

Na mashine ya kuchapisha ya leza usiichomeke kwenye UPS. Inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, inaweza kufika karibu wati 1,000. Itaiangusha UPS na kila kilichochomekwa humo.

Hatua ya tatu: kila dirisha na mashine yake

Kosa la kawaida ni kununua mashine kumi za aina moja kwa sababu ni rahisi kuandika barua ya maombi. Lakini kazi hazifanani.

Usajili na malipo, mtu amekaa na anaandika mengi. Mpe kompyuta ndogo yenye skrini kubwa na kibodi imara. Kwa daktari ni hivyohivyo, au kompyuta mpakato iliyofungwa kwa mnyororo wake. Kwa nesi anayezunguka wodini, kishikwambi kinafaa kwa kuchagua na kuweka alama. Vishikwambi tunavijua, vilitumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye vikagawiwa walimu. Lakini ukimlazimisha mtu kuandika historia nzima ya ugonjwa kwenye kioo cha kishikwambi ataandika neno moja, "kikohozi", basi. Maabara kuna majimaji na kemikali, kwa hiyo tafuta kibodi inayofutika na isiyo na mianya mingi. Kwa kweli kila kibodi ya kituo inapaswa kufutika, maana mikono inayoigusa imetoka kumgusa mgonjwa.

Kuhusu nguvu ya mashine, kama mfumo unafunguliwa ndani ya kivinjari, RAM ya GB 8 na diski ya SSD vinatosha kwa dirisha moja. Usilipie prosesa ya kuhariri sinema. Diski ya SSD ndiyo inayoleta tofauti mtumiaji anayoiona: inawaka haraka umeme unaporudi, na haina kisahani kinachozunguka cha kuumia ikitikiswa.

Na tahadhari kwa wapenda mitumba, nami nikiwemo. Kompyuta za mtumba si mbaya, ila Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi mashine nyingi za zamani: kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ukinunua mashine kumi za kizazi cha sita kwa sababu ni rahisi, umenunua milango kumi isiyo na kufuli. Kama ndizo mlizonazo, muulize mtaalamu juu ya Linux, kwa kuwa mfumo unaofunguliwa kwenye kivinjari mara nyingi haujali uko juu ya nini.

Hatua ya nne: seva na nakala

Seva ikiwa mbali, uhai wa kituo unategemea intaneti. Hapo tafuta njia mbili: mkongo kama umefika, na laini ya simu ya mtandao mwingine kama akiba. Seva ikiwa hapohapo kituoni, intaneti ikikatika kazi inaendelea, lakini sasa ninyi ndio walinzi wa seva. Inataka chumba kinachofungwa, diski mbili pacha ili moja ikifa nyingine iendelee, na UPS inayoweza kuiambia seva ijizime yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Lakini diski pacha si nakala. Ukifuta faili la mgonjwa kwa bahati mbaya, pacha naye anafuta papo hapo. Kanuni inayofundishwa ni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa kituo kidogo, diski mbili za nje zilizowekwa nywila na kubadilishana kila wiki, moja ikiwa imefungiwa jengo jingine, ni mwanzo mzuri. Na mara moja kwa mwezi jaribuni kuirudisha hiyo nakala muone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Hatua ya tano: Rungwe ni Rungwe

Orodha ya vifaa iliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam haiji Tukuyu ikafanya kazi vilevile. Dar adui ni joto. Kwetu baridi ni rafiki. Chumba cha seva kinaweza kupona kwa feni na madirisha ya juu bila kiyoyozi, na hapo umeokoa umeme mwingi. Adui wetu ni unyevu. Mvua ya Tukuyu kwa mwaka hupita milimita 2,000. Ukungu unaingia dirishani, vyuma vinashika kutu, vumbi linalowana linageuka tope ndani ya feni. Kwa hiyo chagua mashine zisizo na feni au zenye matundu machache, ziinue kutoka sakafuni, zisikae chini ya dirisha wala chini ya bati linalovuja. Na usiifunike mashine inayowaka kwa nailoni ukidhani unaisaidia. Inapumua.

Halafu radi. Kwetu milimani radi si hadithi. Nunua vizuia-mkupuo wa umeme, hakikisha jengo lina waya wa kuteremsha umeme ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, na UPS zichomekwe kwenye soketi zenye waya huo. Ukiunganisha jengo na jengo, kwa mfano mapokezi na wodi ya wazazi, usipitishe kebo ya shaba nje. Shaba inabeba mshtuko wa radi mpaka kwenye swichi na kila mashine iliyoungwa hapo. Tumia kebo ya mkongo, maana uzi wake wa kioo haupitishi umeme. Tena kebo ya shaba ya mtandao ina mwisho wake, mita 100. Zaidi ya hapo mawasiliano yanaanza kuyumba.

Mwisho wa yote, fundi. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini ni kilomita kama 70. Kabla ya kununua, uliza: kifaa hiki kikiharibika Jumatatu, kitarudi lini? Kama vipuri vyake havipatikani Mbeya, au chaja yake ni ya aina yake peke yake duniani, kiache. Nunua mashine moja au mbili za akiba zinazofanana na zilizopo. Na weka kwenye bajeti betri mpya za UPS kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu betri iliyokufa kimyakimya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Unaitegemea haipo.

Majirani walifanyaje?

Kuna kituo cha afya cha vijijini kinaitwa Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Walianza na kompyuta mbili tu zilizounganishwa, zikiwa na UPS na betri za sola. Mbili! Watafiti walipopima baadaye walikuta muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Kazi iliyoanzia pale ilikuja kuchangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Hawakuanza na mashine nyingi, walianza na mashine zilizokuwa na umeme.

Jirani wa pili yuko karibu zaidi, unateremka Kyela, unavuka Kasumulu, umeingia Malawi. Huko shirika la Baobab Health lilianza kazi mwaka 2001 katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Waliangalia kazi ilivyo wakachagua skrini za kugusa zinazokula umeme kidogo, mtumiaji anagusa majibu badala ya kuhangaika na kibodi. Umeme wa skrini ukapitishwa ndani ya kebo ileile ya mtandao, kwa hiyo betri za akiba zikakaa sehemu moja badala ya kutawanywa kila chumba. Na kulikuwa na jambo moja dogo ambalo mimi nikilisoma nilimkumbuka bibi: mashine ilichapisha lebo yenye maelezo ya siku hiyo, ikabandikwa kwenye kitabu cha afya anachokaa nacho mgonjwa mwenyewe.

Lebo tu. Mashine ya kuchapisha lebo kwa joto haitumii wino na inakula umeme kidogo. Bibi angekuwa na lebo ya mwezi wa sita kwenye daftari lake, na chini yake mkono wa daktari wa Julai, "enalapril imesimamishwa", kwa kalamu, gizani. Daktari wa Agosti angeiona.

Kwa hiyo kwenye orodha yangu ya vifaa, pamoja na UPS na SSD, ninaandika pia: daftari la mgonjwa libaki, na kila dirisha liwe na fomu za karatasi za dharura na mtu aliyepewa jina la kuziingiza kwenye kompyuta umeme ukirudi. Kosa la kile kituo halikuwa karatasi. Ni kwamba karatasi ile haikuwa na mwenyewe.

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Vifaa vinahusika moja kwa moja. Skrini ya usajili isiangalie benchi la wagonjwa. Mji mdogo kama Tukuyu kila mtu ni shemeji wa mtu. Diski zifungwe kwa nywila ili kompyuta ikiibiwa iwe chuma tu. Na kompyuta chakavu ikiondolewa, diski ifutwe kabisa au ivunjwe. Hutaki kununua mtumba ukakuta humo majibu ya vipimo vya jirani yako.

Kuandika sifa

Kituo cha umma hakiendi dukani na pesa mkononi. Manunuzi yanapitia mfumo wa NeST, na mzabuni ataleta kile ulichoandika. Ukiandika "kompyuta nzuri ya kisasa" utaletewa chochote. Andika hivi: ikiwa na skrini isile zaidi ya wati 40, RAM isipungue GB 8, diski ya SSD, ikubali mfumo endeshi unaopata masasisho, waranti ya miaka mitatu yenye huduma mkoani, iletwe pamoja na UPS inayoibeba kwa dakika 60. Hapo mzabuni hana pa kujificha.

Zoezi

Mwalimu hawezi kumaliza somo bila zoezi. Likizo hii ukiwa nyumbani:

1. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, hesabu sehemu ambazo taarifa za mgonjwa zinaandikwa. Usisome taarifa za mtu, hesabu sehemu tu.

2. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa au kwenye chaja yake, upige hesabu ya uniti kwa mwezi. Kumbuka kilichoandikwa ni kiwango cha juu, kwa hiyo jibu lako litazidi matumizi halisi.

3. Uliza swali moja: "Umeme ukikatika daktari akiwa katikati ya kuandika, inakuwaje?" Andika jibu kama lilivyo, usilipambe.

4. Piga mchoro wa betri zinazohitajika kuvuka saa 4.

Mimi nililifanya. Nilichora hesabu zile za juu kwenye karatasi mbili za grafu zilizobaki kwenye lesson plan zangu, nikampelekea yule kijana wa TEHAMA kabla sijarudi chuo. Alizisoma zote amesimama, akasema atazipeleka kwenye kikao. Sijui kikao kiliamua nini, na sitadanganya hapa kwamba UPS zimenunuliwa.

Bibi ameshanunua daftari jipya, lile la kurasa 96. Amelifunga kwa nailoni kwa ajili ya mvua, na kila akiingia kwa daktari analiweka mezani kabla hajaulizwa jina.